Mguu wa Kulia Kizingitini

Nanuli Tsiklauri alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha chuma, mikono ameipakata mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Mjane wa miaka hamsini na minne, alitoka Georgia miaka kumi iliyopita akaja mji wa bandari wa Kavala kutunza wazee wa watu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Saa sita mchana gari lingempeleka kwa mwendesha mashtaka, na akishafika huko, hata kama baadaye angeonekana hana kosa, kibali chake cha kuishi nchini kingekuwa kimekwenda na maji. Inspekta Evanthia Kaltsou alilijua hilo vizuri, na kahawa yake ilikuwa imepoa mezani bila kuguswa.

"Tuanze tena, mama Nanuli."

"Tumeanza mara nne, dada."

"Basi hii ya tano," akasema Sajini Argyris kutoka mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, Argyris. Alipenda tu kesi zinazokwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bibi Aspasia, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa na kifuko cha lira kumi na mbili za dhahabu alichoachiwa na marehemu mumewe, na kifuko hicho kilikaa nyuma ya picha ya Mtakatifu Basili. Usiku wa kuamkia mwaka mpya bibi alikwenda kula na kulala kwa mpwa wake. Nanuli naye akapewa ruhusa, akaenda kulala kwenye chumba cha rafiki yake aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo hakuna wa kumtolea ushahidi. Nyumba ikabaki tupu. Ufunguo ulikuwa mahali pake pa siku zote, chini ya chungu cha mrehani, siri ambayo mtaa mzima uliijua.

Asubuhi ya mwaka mpya, saa tatu, bibi alirudi, lakini hakuingia. Hakuna anayeingia mpaka mtu mwenye nyota njema avuke kizingiti kwanza, mguu wa kulia mbele, aifungulie nyumba mwaka wake. Mwenye nyota alikuwa Prodromos, fundi wa friji, kaka yake Evanthia. Mtaa ulimgombea huyo kila mwaka. Siku hiyo alikuwa na nyumba nne za kufungua, ya dada yake ikiwa ya mwisho. Prodromos alivuka, akalipasua komamanga la heri mlangoni, watu wakapiga makofi. Kisha bibi akapeleka mkono nyuma ya picha atoe lira moja ya kuchomeka ndani ya keki ya mwaka mpya, iwe bahati ya atakayeikuta kwenye kipande chake, na kifukoni akakuta hiyo moja tu. Mwizi alichukua kumi na moja, akaacha ya keki. Prodromos ndiye aliyemkalisha bibi kitini na kumpigia dada yake simu.

"Ulifika mlangoni saa moja na nusu," Evanthia akasema. "Ufunguo unao. Mbona hukuingia?"

"Mimi mjane. Miguu yangu haina heri. Niwafungulie watu mwaka kwa miguu hii? Bibi angenifukuza siku hiyo hiyo."

"Ndiyo ukasimama nje kwenye baridi saa nzima na nusu," Argyris akasema, "ili kila mpita njia akuone hukuingia. Akili hiyo, mama! Mimi nisingeiwaza."

"Sikusimama, baba. Nilikaa. Magoti haya ni ya kusimama?"

"Ulikaa wapi?" Evanthia akauliza.

"Kwenye ngazi ya mlango. Si iko moja tu."

"Hiyo hiyo uliyoipaka chokaa?"

"Hiyo hiyo. Niliipaka saa kumi jioni, kabla sijaondoka. Bibi hataki mwaka upite kwenye ngazi chafu."

"Ulikuwa umevaa koti gani?"

Nanuli akamtazama kama anayeona anafanyiwa mzaha. "Ninalo moja, dada. Mnalo nyinyi."

Koti lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo. Evanthia akavaa glavu, akalitoa, akalipeleka dirishani, akaligeuza mgongo. Lilikuwa la sufu nyeusi, ya aina ile inayoshika hata unywele wa paka. Akalikagua chini hadi kwenye pindo, akalipitishia kitambaa cheupe cha maji, akakiangalia kitambaa. Hakikuwa na chokaa hata chembe.

"Ulilifua?"

"Nilifue saa ngapi? Mmenivua wenyewe saa tano ya siku hiyo hiyo."

Evanthia akarudi mezani, akaifungua picha ya ile ngazi iliyopigwa na fundi wa polisi. Kwenye chokaa kulikuwa na nusu ya unyayo wa kushoto, vidole tu, umeburutwa kurudi nyuma. Pembeni yake ulikuwepo wa kulia, mzima, umeelekea ndani. Juu ya ule wa kulia kulikuwa na madoa mekundu ya komamanga.

"Hiyo tumeimaliza, afande," Argyris akasema. "Namba arobaini na tatu, kisigino kimelika upande wa nje. Ni kiatu cha kaka yako. Alikanyaga pale saa tatu, mtaa mzima ukitazama."

"Tazama ukingo wake. Umezama. Chokaa iliyokauka inabanduka, haizami."

"Ukungu ulikuwa mwingi usiku ule. Labda ilikuwa bado mbichi."

"Ukungu uliondoka alfajiri, upepo wa kaskazini ulipoingia. Saa moja na nusu mtu kaikalia chokaa hiyo kwa koti jeusi na kainuka safi. Sasa saa tatu iwe mbichi tena, imemwagiwa maji na nani? Mwenye nyayo hizi alipita usiku, Argyris. Komamanga lilikuja juu yake baadaye."

Sajini akajikuna kidevu. "Kama kweli alikaa."

"Twende tukaulize, basi."

Kuhusu kiatu hakusema neno. Wanaume wa namba arobaini na tatu ni wengi, akajiambia, na wanaokanyagia kisigino cha nje nao ni wengi. Akashuka ngazi za kituo haraka kuliko kawaida yake.

Mkahawa wa Iordanis unatazamana na mlango wa Bibi Aspasia. Iordanis mwenyewe, mwanamume mnene mwenye aproni iliyoona mengi, hakuhitaji kufikiri.

"Alikaa, ndiyo! Mimi ndiye niliyempelekea kahawa. Saa moja na nusu, nilikuwa ndiyo kwanza nafagia vumbi la wacheza karata. Nikamwambia, mama, utagandia hapo tuje kukung'oa kwa koleo. Akacheka. Mmemfunga bure yule."

Argyris akayaandika hayo, lakini hakuwa ametoka mikono mitupu. Tangu jana alikuwa na mtu wake wa akiba, na mtu huyo alikuwa amekaa pembeni ya jiko kichwa mkononi. Paskalis, mume wa mpwa wa bibi. Usiku wa mwaka mpya kila mtu hucheza karata kujaribu bahati yake, bibi na wajukuu, na watu husema hata mapadri, na usiku huo Paskalis alikuwa ameliwa vibaya na kwa makelele.

"Wewe ndiye uliyeliwa mpaka ukaweka saa mezani?" Argyris akamuuliza.

"Nani asiyejua? Mke wangu ameshaniambia, mama yake ameshaniambia, sasa mmekuja serikali. Itangazeni kanisani basi!"

"Na lira za bibi ulijua zinakaa wapi."

"Kila anayekuja kula keki anajua zinakaa wapi. Anazitoa mbele ya watu!"

"Uliinuka mezani saa ngapi?"

"Huyu?" Iordanis akaingilia. "Huyu kiti kilimshika. Alikaa saa tatu usiku, akainuka kunakucha. Hata kwenda chooni aliona tutamgawia vibaya. Waulize wenzake saba."

Paskalis akanyanyua mguu mmoja, akauweka juu ya kiti cha jirani. Kilikuwa kiatu kipana, namba arobaini na sita, kisigino kikiwa sawasawa. Argyris akakipima kwa macho, akafunga daftari.

"Nani mwingine aliinuka usiku ule akarudi?" Evanthia akauliza.

Iordanis akashika bilauri iliyokwisha kauka, akaanza kuifuta. "Unaniuliza kama polisi, au kama Eva, binti wa marehemu Kaltsos?"

"Kama polisi."

"Prodromos. Saa sita na nusu. Alisema anakwenda nje kumpigia binti yake heri ya mwaka mpya. Akarudi saa saba na nusu hivi. Lakini Eva, yule hata karata hakugusa!"

"Hakugusa kabisa?"

"Kabisa. Mama yangu ana miaka tisini, alicheza. Yeye akasema ameacha. Tukampongeza! Alikaa pale na soda yake, simu chini ya meza. Mara akajipiga ngumi gotini. Nikamuuliza, vipi bwana? Akasema Wakanada wamefungwa."

"Wakanada gani?"

"Wa ule mpira wa magongo kwenye barafu. Usiku wa mwaka mpya, mtu wa Kavala, anaumizwa na barafu ya Kanada! Nikacheka."

"Lakini ana nyota yule," Paskalis akasema kwa wivu wa kweli. "Mwezi wa kumi mkeka wake wa kubashiri mechi uliitika wote, akatununulia mkahawa mzima."

"Umewahi kumsikia akisema ameliwa?"

Paskalis akawaza. "Prodromos? Hajawahi."

"Wewe umeliwa mara moja kwa mwaka na mji mzima unajua," Evanthia akasema. "Yeye anacheza mpaka Kanada na hajawahi kuliwa."

Iordanis akaiweka bilauri chini.

Nje Evanthia alisimama karibu na ile ngazi nyeupe, iliyozungushiwa utepe wa polisi, na mambo yakaanza kumjia yenyewe, bila mpangilio. Baiskeli ambayo kaka yake alimletea mwanawe mwezi wa kumi, nyekundu, ya bei ya kutisha, na majuma matatu baadaye akaja kukopa pesa ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Shingo yake isiyo na msalaba wa ubatizo tangu kiangazi. Mnyororo umekatika, alisema, uko kwa sonara. Sonara gani anakaa na mnyororo miezi sita? Kule kukaa chooni kwake na simu mpaka mwanawe Evanthia akasema mjomba anataga mayai, na wote wakacheka, naye Prodromos akacheka kuliko wote.

Na usiku ule. Saa sita kamili binti yake Prodromos, muuguzi wa zamu Thesalonike, alimpigia Evanthia. "Shangazi, mwambie baba anipigie, ana mwezi mzima hajanitafuta. Nitakaa na simu mkononi mpaka asubuhi." Evanthia akamjibu kwamba baba yake ana shughuli ya kuwafungulia watu mwaka.

Aliona aibu, na ilimpanda mpaka masikioni. Angekuja mgeni kituoni akayasimulia haya yote, angemkatisha nusu ya njia na kumwambia mtu wako anacheza kamari, na amezama. Lakini huyu hakuwa mgeni, na kwa miaka sita Evanthia mwenyewe alikuwa akimsubiri mlangoni kwake kila mwaka mpya, akimsifia kwa majirani.

"Argyris, kuanzia hapa uliza wewe. Mimi nimekuwa shahidi."

Sajini akashusha sauti. "Afande, ni kaka yako. Tunaweza kuomba mtu wa kituo cha mji wa Drama aje aishike kesi, wiki ijayo hivi, taratibu."

"Nanuli anapanda gari saa sita. Sasa ni saa tano na robo."

Karakana ya Prodromos ilikuwa mtaa wa nyuma. Alikuwa amekaa juu ya friji iliyolazwa, simu mkononi, akaitia mfukoni alipowaona. Mtu wa miaka hamsini, mrefu, mcheshi, mwenye uso ambao watu hupenda kuuona asubuhi.

"Oo, serikali! Karibuni. Eva mdogo wangu, mbona umenuna, mwaka una siku tatu tu?"

Evanthia alikuwa anatazama ukuta. Mwaka kaka yake alipofungua duka walichora pamoja, kwa rangi ya buluu, umbo la kila chombo mahali pake, ili kila kinachotoka kijulikane. Sasa maumbo yalikuwa mengi na vyombo vichache. Nafasi ya pampu ilikuwa tupu. Nafasi ya mashine ya kuchomelea ilikuwa tupu. Hata bisibisi zilikuwa zimebaki tatu.

"Pampu iko wapi, kaka?"

"Nimemwazima mtu."

"Na mashine?"

"Mtu huyo huyo." Akacheka, lakini hakuna aliyecheka naye.

Evanthia akarudi nyuma hatua moja, akamwachia Argyris nafasi. Sajini alikohoa. Alikuwa amewahi kula kwa mtu huyu, na ilionekana.

"Bwana Prodromos, hivyo ndivyo viatu ulivyovaa mwaka mpya?"

"Ndivyo. Viatu vya heri hivi, havibadilishwi."

"Naomba cha kulia."

Prodromos akavua, akampa. Argyris akakigeuza mwangani, akaipitisha ncha ya kisu kwenye mshono wa soli. Ukatoka ukoko mweupe, mgumu, uliojaa ndani kabisa ya uzi. Juu yake kulikuwa na wekundu wa komamanga.

"Chokaa ya kwa bibi," Prodromos akasema. "Si nilipita pale saa tatu, nyote mkijua?"

"Saa tatu chokaa ilikuwa kavu. Hii imeingia ikiwa uji."

"Wewe unajuaje kama ilikuwa kavu?"

"Kuna mama aliikalia tangu saa moja na nusu. Koti lake ni jeusi."

Prodromos akamtazama dada yake. Evanthia hakumsaidia.

"Usiku ule ulitoka mkahawani saa sita na nusu," Argyris akaendelea. "Ulimpigia nani?"

"Binti yangu."

"Anaisubiri simu yako mpaka leo, kaka," Evanthia akasema, ingawa alikuwa ameahidi kunyamaza. "Alinipigia mimi."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Prodromos, na hata wakati ule, mbele ya polisi wawili na kiatu chake kikiwa mikononi mwa watu, mkono wake ulikwenda mfukoni kabla hajauzuia. Evanthia aliuona mkono huo na moyo ukamuuma kuliko kwa neno lolote lililokuwa limesemwa.

"Ningezirudisha," Prodromos akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Eva, nakuapia kwa kaburi la mama. Ulikuwa mkeka wa uhakika. Mechi tano, nne zimeingia. Nne! Ingeingia na ile moja tu, kabla ya keki zingekuwa zimerudi pale, nani angejua?"

"Ziko wapi?"

"Kuna jamaa bandarini hununua hata sikukuu."

"Nanuli yuko ndani siku ya tatu."

"Najua."

"Ulijua jana uliponiletea chakula cha sarma nyumbani? Ulikaa mezani kwangu ukaniuliza kesi inaendeleaje."

"Nilijua mtamwachia. Hana kitu yule, mtampata na nini? Nikasema wacha wamwachie tu, yatapita."

Argyris alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, "Mbona uliacha lira moja?"

Prodromos akamkodolea macho, kweli kabisa akishangaa swali. "Keki bila lira? Nimvurugie bibi wa watu mwaka mzima?"

"Na ule mguu wa kushoto? Uliukanyagisha, ukaurudisha, ukaingiza wa kulia. Ulikuwa unakwenda kuiba, bwana."

"Ilikuwa imeshapita saa sita," Prodromos akasema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Ulikuwa mwaka mpya tayari. Ningeingiaje na wa kushoto?"

Evanthia akageuka, akautazama mlango. Ndani ya zile nyumba zote alizowahi kuingia kwa kazi yake hakuwahi kusikia ungamo la ajabu hivyo, wala la kweli hivyo. Aliyafuta machozi kwa kiganja, akavuta pumzi.

"Piga kituoni," akamwambia Argyris. "Gari lisitoke. Na wampe Nanuli koti lake."

Saa sita kasoro dakika kumi walifika kituoni. Nanuli alikuwa anatoka, koti jeusi limefungwa vifungo vyote hadi kooni, mfuko wa plastiki mkononi. Alipowaona akajibanza pembeni ya mlango kuwapisha, kwa mazoea ya miaka kumi ya kuwapisha watu. Akamtambua Prodromos. Akaona namna Argyris alivyomshika kiwiko, akaelewa.

Prodromos akafika kizingitini. Akainua mguu wa kushoto, ukafika juu ya jiwe, ukasita. Akaurudisha. Akaubana mkono wa Argyris ili amngoje, akatanguliza wa kulia, akaingia. Nanuli akajifanyia ishara ya msalaba. Evanthia alibaki nje kidogo, akikumbuka asubuhi ya mwaka mpya, saa nne, amesimama ndani ya mlango wake na mwanawe, wakiusubiri mguu huo huo, wakiushangilia.

Kisha naye akaingia, bila kuangalia ametanguliza upi. Akakaa kwenye kiti cha chuma alichokiacha Nanuli, akamsukumia Argyris karatasi.

"Andika," akasema. "Jina langu ni Evanthia Kaltsou. Mshtakiwa ni kaka yangu. Nilikuwa naona tangu kiangazi."